Mkono wa Rafiki: Kugusana, Urafiki na Hofu katika Nyanda za Juu za Kusini

Utangulizi

Watu wengi wakisikia neno hofu hufikiria mambo ya mbali: msitu wenye giza, mnyama asiyejulikana, mzuka utokao kaburini. Wahenga wetu hawakufikiri hivyo. Walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Katika maneno hayo machache walitufundisha kwamba hofu iliyo kuu haitoki porini. Hutoka kwa yule tuliyemzoea, aketiye karibu nasi, ambaye mkono wake umo pamoja na wetu katika sahani moja.

Katika makala hii tutajaribu kueleza jinsi kugusana kwa miili, yaani kupeana mikono, kushikana, kula na kunywa pamoja, kulivyokuwa lugha ya urafiki katika mikoa ya Mbeya na Iringa, na jinsi lugha hiyo ilivyofichua urafiki ulioingia ufa. Tutaona pia kwa nini visa vya kutisha, vile vya jioni penye moto na vile vya filamu za siku hizi, huanza mara nyingi kwa jambo dogo kama mkono uliochelewa kutolewa. Hatukusudii kuthibitisha uchawi wala kuubeza. Kusudi letu ni kutazama imani za watu kama sehemu ya historia yao, tupate kujua walichokiogopa na kwa nini.

Tunaposema Mbeya na Iringa, tunakusudia nchi yote ya milima na mabonde iliyoitwa Nyanda za Juu za Kusini tangu zamani za ukoloni. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Lakini historia ya desturi haifuati mipaka ya mikoa. Humo wanaishi Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasafwa, Wanyiha, Wanyakyusa na wengineo. Tutakaa zaidi kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, kwa sababu habari za urafiki wao ziliandikwa kwa kirefu, kisha tutapanda hadi Uhehe.

Mkono kama lugha

Mgeni afikaye Iringa huamkiwa kwa neno kamwene, na afikaye Tukuyu huulizwa ugonile, yaani kama amelala salama. Lakini neno peke yake halikamilishi salamu. Mkono wa kulia hutolewa. Na anayemsalimu mkubwa wake huushika mkono huo kwa mkono wa kushoto penye kiwiko au kigasha, kuonyesha kwamba anatoa heshima kwa mwili wote. Mtoto na mwanamke aghalabu hupiga goti au huinama kidogo. Marafiki wa rika moja, kwa upande wao, hawaharakishi kuachiana. Mikono hubaki imeshikana huku wakiulizana habari za nyumbani, za shamba na za mifugo, na wakiendelea na safari huweza kwenda wameshikana vivyo hivyo, wanaume kwa wanaume, bila mtu yeyote kushangaa.

Yafaa tuzingatie jambo hili. Katika lugha ya maneno mtu aweza kusema nakupenda ilhali moyo wake una kinyongo. Ulimi umezoea adabu, nao hutii. Mkono ni mgumu kufundisha uongo. Ukitolewa ukiwa umelegea, ukiondolewa upesi, au ukisingizia kazi nyingine ili usitolewe kabisa, wote waliopo huona. Kwa hiyo katika jamii zilizothamini adabu ya maneno kuliko kitu chochote, watu walijifunza kusoma mikono.

Vijiji vya marika

Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili wa elimu ya jamii, Godfrey Wilson na mkewe Monica Wilson, walifanya utafiti kwa Wanyakyusa. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica aliendelea kuandika, na mwaka 1951 akatoa kitabu kiitwacho Good Company, jina ambalo kwa lugha yetu twaweza kuliita Ushirika Mwema. Alichokieleza humo hakikupatikana kwingi duniani. Wanyakyusa hawakujenga vijiji vyao kwa ukoo, bali kwa rika.

Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 au 11 hivi waliacha kulala nyumbani kwa baba zao. Walijenga vibanda vyao wenyewe pembeni ya kijiji, wakalala humo pamoja. Mchana waliendelea kulima na baba zao, na chakula walikula kwa mama zao. Lakini hawakwenda kula mmoja mmoja. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua na kuoa waliwaleta wake zao katika kijiji hicho hicho, na baadaye, kwa sherehe kubwa iliyofanywa mara moja katika kila kizazi, baba zao waliwakabidhi nchi na utawala. Hivyo mtu aliishi tangu utoto hadi uzee na wale aliolala nao sakafu moja alipokuwa mdogo.

Shabaha ya maisha hayo iliitwa ukwangala. Neno hilo lilikusanya mambo mengi: kukaa pamoja na watu wa rika lako, kula nao, kunywa nao pombe, kuzungumza, kutaniana, na kwa njia hiyo kupata hekima na adabu. Mtu aliyekula peke yake alihesabiwa kuwa amepungukiwa na utu, hata kama ng'ombe wake walijaza zizi. Ukwangala ulikuwa, kwa hakika, jambo la mwili: bega kwa bega, mkono kwa mkono katika chungu kimoja.

Chatu katika tumbo la jirani

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Wanyakyusa waliamini kwamba mchawi ana chatu tumboni mwake, na kwamba usiku chatu huyo hutoka kwenda kuwala watu na kunyonya maziwa ya ng'ombe wao. Kilichomwamsha ni njaa ya nyama na maziwa, na wivu juu ya mwenye navyo. Mtu aliyechinja asigawe, mtu ambaye harufu ya nyama ilitoka nyumbani kwake nao majirani hawakuitwa, alijiweka katika hatari. Mtu alipofariki katika hali ya kutiliwa shaka, maiti ilipasuliwa ili ijulikane kama ameuawa na wachawi au kama yeye mwenyewe alikuwa na chatu.

Jambo la kuzingatia ni hili: mchawi alitafutwa kwa kawaida miongoni mwa majirani wa kijijini, wala si katika ukoo. Na majirani wa kijijini walikuwa nani? Ni wale marafiki wa rika, waliolala pamoja na kula pamoja. Monica Wilson alilinganisha imani hii na ile ya Wapondo wa Afrika Kusini, walioishi kwa koo. Huko viumbe wa mchawi walihusishwa na tamaa ya mwanamume na mwanamke, kwa sababu katika kijiji cha ukoo mmoja tamaa hiyo ndiyo iliyobanwa na miiko mingi. Kwa Wanyakyusa tamaa ya kuogopwa ilikuwa ya chakula, kwa sababu chakula ndicho kilichowaunganisha. Tunapata kanuni yenye faida kwa mwanafunzi wa historia: hofu ya watu huchukua umbo la kile kinachowafunga pamoja. Penye sahani moja, mzuka hukaa sahanini.

Hata ulinzi ulitoka mle mle. Waliaminiwa kuwapo walinzi, wakiongozwa na wakuu wa kijiji, ambao usiku waliwaona wachawi katika ndoto na kupigana nao. Nao nguvu zao zilitokana na chatu vile vile. Na mtu aliyevunja adabu, kwa mfano kumdharau mzazi au kuwanyima wenziwe karamu waliyostahili, alipatwa na embepo sya bandu, yaani pumzi au baridi ya watu. Manung'uniko ya majirani wenye haki yalimwendea kama upepo wa baridi, akaugua homa. Hivyo nguvu moja iliweza kuitwa uchawi ikitumiwa kwa wivu, na kuitwa haki ikitumiwa kwa ajili ya wote. Mgonjwa na majirani zake wangeweza kubishana ni ipi kati ya hizo iliyomgusa.

Dalili za ufa

Sasa tuchukue mfano. Tuseme marafiki wawili wa rika moja wamekuwa wakinywa pombe pamoja kwa miaka mingi. Ng'ombe wa mmoja anazaa, wa mwenzake anakufa. Hakuna ugomvi uliosemwa. Lakini siku ya kilabu, yule wa pili anaketi upande wa pili wa duara. Kibuyu kinapomfikia kutoka mkononi mwa mwenziwe, anakiweka chini kwanza, kisha anakiokota, ili vidole visikutane. Mwenyeji, ambaye kwa desturi huonja pombe kabla ya kumpa mgeni ili kuonyesha kwamba haina neno, safari hii anaonja mara mbili, naye anatazamwa. Akialikwa kula, anasema ameshiba. Hakuna tusi lililotamkwa, wala mtu hawezi kumshitaki mwingine kwa lolote. Hata hivyo kila aliyeketi pale amekwisha jua kwamba urafiki ule umeingia ufa.

Je, kila mkono uliozuiwa ulikuwa dalili ya uadui? Hasha. Hapa ndipo ilipohitajika elimu ya mila, na ndipo wageni wengi walipokosea. Kulikuwa na angalau namna tatu za kujitenga.

Namna ya kwanza ilikuwa ya heshima. Mke wa kijana wa Kinyakyusa hakumtazama baba mkwe wake, hakulitaja jina lake, na akimwona njiani aliiacha njia. Asiyejua angesema wanachukiana. Kumbe umbali huo ndio ulioonyesha kwamba nyumba ina adabu.

Namna ya pili ilikuwa ya mwiko. Wazazi waliojaliwa mapacha walitengwa, kwa kuwa kuzaa mapacha kulihesabiwa kuwa jambo zito lenye hatari kwa ndugu na kwa mifugo. Walikaa mbali na wenzao mpaka tambiko lifanywe. Tambiko likiisha walirudi, wakasalimiwa na kula na watu. Umbali huo ulikuwa na mwanzo na mwisho uliojulikana.

Namna ya tatu ilikuwa ya kinyongo. Hii haikuwa na tambiko lililoiamuru wala siku ya kwisha. Ilijificha nyuma ya visingizio, na kwa sababu ilijificha, ilitisha.

Wazee walijua kwamba mkono hutoa habari ya ufa, lakini hautoi hukumu. Hauelezi nani mwenye kosa, wala kama kosa lipo. Ndiyo maana katika matambiko ya Kinyakyusa waliokosana walitakiwa kwanza kuitamka hasira yao mbele ya wengine. Kupuliza maji kutoka kinywani kulikuwa ishara ya kuitoa hasira iliyokaa ndani. Hasira iliyosemwa haikuwa na nguvu tena ya kudhuru. Iliyofichwa ndiyo iliyoua. Baada ya maneno kutoka, walikula na kunywa pamoja. Kugusana kulikovunjika kwa siri kuliungwa hadharani.

Palipokosekana subira hiyo, madhara yalikuwa makubwa. Zamani mtuhumiwa alinyweshwa mwafi, dawa ya kiapo: aliyetapika alihesabiwa hana hatia, asiyetapika alihesabiwa mchawi. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku viapo vya namna hiyo, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ikafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa kwa kufikisha habari kwa wenye mamlaka. Lakini sheria haikuondoa hofu. Iliondoa tu mahali pa wazi pa kuisemea. Wengi waliotuhumiwa walihama, wakajenga kijiji kingine.

Uhehe: mkono unaosukuma na safari ya kwa Chikanga

Tukipanda Iringa twakuta somo lililo kinyume na hilo, nalo ni utani. Kati ya mwaka 1878 na 1882 Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali. Watu wa koo nyingi walipoteza baba na kaka. Hata hivyo vita hivyo viliacha nyuma yake, pamoja na makaburi, uhusiano wa utani baina ya makabila hayo mawili. Mhehe na Mngoni wakikutana, mmoja humvua mwenzake kofia, humsukuma, humnyang'anya kitu mkononi, humwita mtumwa wake, wala hakuna anayekasirika. Msibani mtani huzuia kazi mpaka apewe chochote, na huchekesha wafiwa wakati ambapo hakuna mwingine awezaye kuthubutu.

Utani ulichunguzwa na wataalamu kadhaa. R. E. Moreau aliandika juu yake mwaka 1944, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya habari nyingi zaidi. Kwa makala yetu linatosha neno moja. Mkono wa mtani ni mkali, nao hauogopwi. Mkono wa rafiki aliyekosana nawe ni mpole, nao hutisha. Basi ukali wa mguso si kipimo cha urafiki. Kipimo ni uwazi wake. Mtani anakusukuma mbele ya watu wote, akicheka. Na uadui wa jana, kwa kuwa umetolewa hadharani kila siku, hauna mahali pa kujificha.

Lakini Wahehe nao walikuwa na hofu zao za ndani, ambazo utani haukuzifikia. Kaskazini mwa nchi ambayo sasa ni Malawi aliibuka mganga aliyeitwa Chikanga, ambaye sifa zake zilivuka mipaka. Alison Redmayne, mtafiti aliyeishi Uhehe, alieleza katika makala iliyotolewa mwaka 1970 jinsi Wahehe walivyofunga safari hiyo ndefu kwenda kwake ili mashaka yao yakatwe. Ndugu na majirani waliokuwa wakishukiana walikwenda pamoja. Hebu tufikiri maana yake. Watu ambao nyumbani hawakuthubutu kula sahani moja walilazimika kusafiri pamoja mamia ya maili, kutoka nyanda za Iringa kuelekea kusini, wakitegemeana njiani kama wasafiri wote. Twaweza kusema kwamba safari yenyewe ilikuwa sehemu ya dawa, maana iliwarudisha bega kwa bega. Lakini wapo pia waliorudi na jina baya ambalo halikufutika.

Mabadiliko, na hofu mpya ya kugusana

Vijiji vya marika havipo tena. Vijana wa Rungwe walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Kahawa iliifanya ardhi kuwa mali ya kugombewa, na dini mpya zikaleta ushirika wa namna nyingine. Monica Wilson mwenyewe alieleza mabadiliko hayo katika kitabu cha mwaka 1977. Halafu ikaja Operesheni Vijiji: mwaka 1973 Mwalimu Nyerere aliagiza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote waishio mashambani wawe wanaishi vijijini. Watu wengi walijikuta wakipakana na jirani wasiyemchagua. Lugha ya mkono ilibaki, wanaoisemeshana walibadilika.

Kisha ikaja hofu ambayo haikuhitaji chatu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, ulikuwa na maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa asilimia 15.7 ya watu wazima, kiwango cha juu kupita mkoa wowote wa Tanzania Bara. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2011 na 2012, uliukuta mkoa mpya wa Njombe ukiwa na asilimia 14.8. Nyuma ya takwimu hizo palikuwa na watu waliowekewa kikombe chao peke yao, ambao sahani yao iliwekwa mbali, ambao marafiki wa miaka mingi waliwapungia mkono kutoka barabarani badala ya kuingia ndani. Kila mwalimu alifundisha, na ni kweli, kwamba virusi hivyo haviambukizwi kwa kupeana mikono wala kwa kula pamoja. Wengi waliyaamini maneno hayo kwa akili. Mikono yao haikuyaamini. Na mgonjwa, aliyelelewa katika jamii isomayo mikono, aliisoma hukumu yake kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia nchini, watu waliacha kupeana mikono kwa muda, wakasalimiana kwa kugusana miguu au viwiko. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Umbali ule ulitangazwa kwa wote, tena watu waliucheka. Ulikuwa karibu na mwiko wa mapacha kuliko kinyongo, na kwa hiyo haukuvunja urafiki mwingi.

Hofu katika filamu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za video zilipoanza kutengenezwa kwa wingi Dar es Salaam, mwongozaji Mussa Banzi alitoa filamu ya kutisha aliyoiita Nsyuka. Jina hilo ni la Kinyakyusa. Linatoka katika shina lenye maana ya kufufuka, na abasyuka ni wafu wa ukoo. Kwa Wanyakyusa wa zamani wafu hao hawakuwa wa kutisha tu. Waliombwa, walipewa sehemu yao ya pombe, waliaminiwa kuwalinda na kuwaadhibu wana wao. Neno la Rungwe likawa jina la mzuka wa kwenye kioo. Ni mfano mzuri wa jinsi filamu inavyochukua hofu ya kale na kuivika nguo mpya.

Lakini hofu ya rafiki si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1982 mwongozaji wa Marekani John Carpenter alitoa filamu iitwayo The Thing, kutokana na hadithi ya John W. Campbell iliyochapishwa mwaka 1938, mwaka ule ule ambao akina Wilson walimaliza utafiti wao Rungwe. Wanaume 12 wanaishi katika kituo cha utafiti katikati ya barafu za ncha ya kusini ya dunia. Kijiji chao, twaweza kusema, ni kijiji cha rika: hakuna ukoo, hakuna wazee wala watoto, ni wenzi watupu wanaokula meza moja. Anaingia kiumbe awezaye kujigeuza sura ya mtu yeyote. Tangu hapo hakuna anayejua kama mwenzake bado ni mwenzake.

Tuangalie miili yao. Mwanzoni wanakaa pamoja ovyo, kama watu waliozoeana. Hofu ikiingia, nafasi kati yao inapanuka. Kinakuja kiapo, kama mwafi wetu wa zamani: damu ya kila mmoja inajaribiwa kwa waya wa moto, huku washukiwa wamefungwa kamba wakiwa wameketi kitini sako kwa bako. Mmoja anapogeuka, walio ubavuni pake hawawezi hata kujisogeza. Ukaribu uliokuwa faraja yao umekuwa gereza lao. Na mwishoni wanabaki wawili katika theluji, kituo kikiungua, wala hakuna ajuaye kama mwenziwe ni mtu. Hawakumbatiani, wala hawapigani. Mmoja anampa mwenzake chupa ya pombe, naye anapokea na kunywa.

Mtazamaji asiyejua mila za kwetu huenda akaona pale uchovu tu. Aliyelelewa Rungwe ataona zaidi. Ataona kibuyu kikipita kutoka mkono hata mkono kati ya marafiki wasioaminiana, na atajua kwamba swali lote la hadithi limo katika tendo hilo dogo. Kupokea chupa ni kusema: sijui wewe ni nani, lakini nitakunywa.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika Nyanda za Juu za Kusini mguso ulikuwa ushahidi. Ulionyesha urafiki, ulionyesha heshima, ulionyesha mwiko, na ulifichua kinyongo ambacho ulimi ulikificha. Tumeona pia kwamba ushahidi huo ulikuwa na mpaka. Taifa letu limeshuhudia wazee wengi, hasa wanawake, wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Na tuhuma hizo mara nyingi zilianza kwa dalili ndogo za namna hii, jicho lililokwepa, mkono uliokataa, chakula kilichoachwa. Waliowaua walidhani wamesoma. Walisoma nusu tu. Waliona ufa, wakauita hatia.

Walimu wanaofundisha fasihi na historia wanaweza kuwaongoza wanafunzi kulitazama jambo hili. Wanaposoma hadithi au kutazama filamu ya kutisha, wawaulize: nani anamgusa nani, na tangu lini ameacha? Umbali huu ni wa heshima, wa mwiko, au wa kinyongo? Kisha waulize swali la pili, ambalo wazee wa Rungwe waliliona kubwa zaidi: je, kuna mahali katika hadithi hii ambapo waliokosana wanaweza kuitamka hasira yao mbele ya watu? Katika visa vingi vya kutisha mahali hapo hapapo, na kwa sababu hapapo, watu wanakufa.

Urithi wa ukwangala, basi, si kumbukumbu ya vibanda vya wavulana vilivyokwisha kuoza. Ni ujuzi wa kuishi karibu na watu ambao twaweza kuwaogopa. Rafiki akizuia mkono wake, tusimwache aende nao kimya, wala tusikimbilie kumpa jina baya. Tumwite, tuseme naye, yatoke yaliyomo moyoni. Halafu chakula kiletwe, na mikono inawe.